Mshika tochi na mshika spana

Aliyekua na baba mwenye gari bovu anaijua kazi ya kushika tochi. Umesimama pembeni ya boneti saa mbili usiku, mkono umekufa ganzi, mzee yuko chini ya gari na sauti inatoka huko: "Mulika hapa!" Hapa wapi, hakuambii. Ukisogeza umekosea, usiposogeza umelala. Mimi nilishika tochi kwenye Land Rover ya mzee kule Moshi likizo karibu zote za sekondari, na namaliza kidato cha nne sijui kubadili hata plagi. Nilichokijua vizuri ni majina ya spana, kwa kuwa ndizo nilizokuwa natumwa.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya jirani yangu hapa Arusha. Amevuta uani kwake Land Rover 109 ya mwaka 1974 iliyokaa juu ya mawe miaka mingi, na anaifufua pamoja na binti yake wa miaka 16. Mtaani maneno yamekuwa mengi kuliko gari lenyewe. Upande mmoja unasema hayo ndiyo malezi, mtoto ametolewa kwenye simu na anajifunza kazi ya mikono akiwa na baba yake. Upande wa pili unasema ni mwanaume wa makamo anayetimiza ndoto yake kwa mgongo wa mtoto, tena mtoto wa kidato cha nne. Wapo pia wanaouliza kama binti hana kaka. Hao niwaache na swali lao.

Nimeshinda Jumamosi kadhaa pale uani, na sioni kwamba kuna upande uliokosea kabisa.

Kwanza, gari lenyewe si la kuchekwa katika mji huu. Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover kutoka kila kona, kwenye tamasha lililolenga kuvunja rekodi ya dunia ya msafara wa magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018. Waliokuwepo barabarani waliona wazee wakilia. Gari hili limebeba wagonjwa, mishahara, wapigakura, mbuzi, maharusi na majeneza. Mtu akitaka mwanawe aguse kitu cha namna hiyo kabla hakijakatwa na wauza vyuma chakavu, anayo sababu.

Lakini Land Rover ni gari linalodanganya. Ilipoonyeshwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, bodi yake ilikuwa ya alumini kwa sababu Uingereza baada ya vita chuma kilikuwa cha mgao. Alumini hailiwi na kutu kama chuma. Kwa hiyo unaikuta 109 ya nusu karne imesimama, milango ipo, madigadi yapo, unasema hapa ni rangi tu. Ukiinama ukagonga chesisi, ile fremu ya chuma ya chini, kwa nyundo ndogo, nyundo inazama. Na pale alumini ilipofungwa juu ya chuma na unyevu ukaingia, alumini yenyewe imegeuka unga mweupe. Jirani alianza na bajeti ya rangi. Kuchomelea chesisi peke yake kulizidi ada ya muhula mzima wa binti yake, na mke wake aliliona hilo kabla ya mtu mwingine yeyote. Wanaolalamikia gharama wanajua wanachosema. Gari la zamani halikuambii bei yake siku ya kwanza.

Kuna na hesabu ya mafuta. Injini ile ya petroli ya lita mbili na robo inakwenda kilomita sita au saba kwa lita ikiwa na afya. Anayesema atalitumia kwenda kazini ama hajapiga hesabu au anataka kumfurahisha mkewe.

Sasa nije kwenye mafunzo, maana hapa ndipo watetezi wa jambo hili huongea kwa jumla mno. Husema mtoto anajifunza uvumilivu. Uvumilivu hata foleni ya benki inafundisha. Alichojifunza yule binti nilikiona mwenyewe, na kilikuwa kidogo na cha maana zaidi. Siku ya kwanza alichukua spana namba 13 kutoka boksi la baba yake akafungua nati ya pembeni ya injini. Spana ikaingia vizuri, ikateleza, kona za nati zikalika. Baba akakaribia kufoka. Binti akaenda kuchukua rula ya shuleni akapima: milimita kumi na mbili na ushee. Nati zile ni za inchi, na nusu inchi ni milimita 12.7. Spana ya 13 inaikaribia kiasi cha kukuaminisha, halafu inaila. Tangu siku hiyo hakuna kitu kinachofunguliwa pale uani kabla hakijapimwa, na baba naye anapima. Spana ya nusu inchi ilibidi itafutwe kwa mafundi wazee, ikapatikana moja.

Hoja kwamba haya ni maarifa ya jana ina uzito wake. Magari tunayoyaona barabarani siku hizi fundi anayachomeka kompyuta kwanza. Ya umeme yanakuja, nayo hayana kabureta wala plagi. Kumfundisha kijana kusafisha kabureta ni kama kumfundisha kupiga chapa kwa taipureta. Ningeikubali hoja hii yote kama nisingekuwepo Jumamosi moja ya mwezi wa saba.

Injini ilikuwa imesharudi mahali pake na haikutaka kuwaka. Baba alikuwa na uhakika kwamba tatizo ni moto, kwamba pointi, vile vidude vinavyokata umeme ili plagi zitoe cheche, zimeungua. Alizisugua kwa msasa Jumamosi mbili mfululizo. Alipiga hendeli, ule mkono wa chuma wa kuzungushia injini iwake, mpaka fulana ikalowa. (Hendeli ina adabu yake: kidole gumba kinakaa upande mmoja na vidole vingine, hakizunguki, kwa sababu injini ikirudisha kipigo inaweza kuvunja mkono. Hili alimfundisha binti vizuri.) Jumamosi ya tatu binti alikuwa amekaa kwenye tairi, anakula muhindi. Akauliza, "Baba, hii glasi si inatakiwa iwe na petroli?"

Pampu ya mafuta ya gari lile ina bakuli dogo la kioo chini yake, la kuchuja uchafu. Lilikuwa kavu. Pembeni ya pampu ipo nyenzo ndogo ya kuvutia mafuta kwa mkono. Akaibonyeza mara ishirini, bakuli likabaki kavu. Mpira wa ndani ya pampu ulikuwa umepasuka. Baba alinyamaza muda mrefu kidogo, kisha akasema, "Haya mama, fungua wewe."

Kutafuta kosa kwa kuondoa moja baada ya jingine, mafuta, moto, hewa, hakuna zama inayolifuta hilo. Hata anayesoma makosa ya gari kwenye skrini anahitaji kichwa hicho hicho, la sivyo anabadilisha spea mpaka mteja afilisike. Mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 umeleta mkondo wa amali, yaani wa ufundi, sekondari kwa mawazo yanayofanana na haya. Yule binti umempita pembeni, yeye yuko kwenye mtaala wa zamani. Pale uani anapata vipande vyake.

Ila tusijipongeze sana. Vijana wa umri wake wamejaa kwenye gereji za mji huu, wanashusha injini tangu asubuhi kwa ujira wa chakula, na hao hatuwapigi picha. Mtoto wa mtumishi wa umma akishika spana tunaita malezi. Mtoto wa mama muuza ndizi akishika spana ile ile tunasema kakosa shule. Tofauti ni kwamba wa kwanza anaweza kuiweka chini akaenda kusoma. Na ndiyo maana swali la mitihani haliwezi kupuuzwa: mtihani wa kidato cha nne ni Novemba, na gari halijui Novemba.

Usalama nautaja kwa ukali kidogo, maana wazazi wengi wanaoanza kazi hii wana moyo kuliko vifaa. Shuu za breki za enzi zile zilikuwa na asbesto. Vumbi lake halipulizwi kwa kompresa wala kwa mdomo, hufutwa kwa kitambaa kilicholowa. Gari halilali juu ya jeki mtu akiwa chini, wala juu ya tofali la simenti, ambalo hupasuka bila taarifa. Halafu kuna kishawishi cha mwisho: gari likiwaka, baba anampa mtoto usukani hadi dukani. Leseni ya gari ni miaka 18. Breki za dramu za pande zote nne kwenye gari zito kiasi kile hazimsamehe mwanafunzi.

Lakini ugomvi mkubwa pale kwa jirani haukuwa wa fedha, mitihani wala usalama. Ulikuwa wa asili ya gari. Baba anataka kila kitu kiwe kama kilivyotoka kiwandani: kijiti chenye kichwa cha njano cha kuingizia magurudumu yote manne, kijiti chenye kichwa chekundu cha gia nzito, viti vyenyewe, injini yenyewe. Binti anataka mikanda ya usalama viti vyote, usukani mwepesi, na ikiwezekana injini ya Toyota, kwa sababu spea zake zipo kila duka. Baba alichukia kana kwamba ametukaniwa mama yake.

Kwenye hili baba ana ushahidi wa nje. Uingereza gari likipita miaka 40 linaweza kusamehewa ukaguzi wa kila mwaka, mradi halijabadilishwa sana kwa miaka 30 iliyopita. Kule uasilia una thamani hata mbele ya sheria. Hapa kwetu thamani ya Land Rover imepimwa siku zote kwa kama inapanda mlima ikiwa na magunia. 109 nyingi zilizobaki hai ni zile zilizowekewa injini ya gari jingine, giaboksi ya jingine, na taa za pikipiki. Fundi aliyezibadilisha hakuziharibu. Ndiye aliyezifikisha hapa. Kwa maana hiyo binti ndiye anayefuata desturi, na baba ndiye mgeni.

Hapa nami ninachagua upande. Nikiulizwa kama mzazi na kijana wafufue gari pamoja, nitauliza kwanza ni nani anayeruhusiwa kukosea. Kama maamuzi yote ni ya baba, basi mtoto kashika tochi, hata kama mkononi ana spana, na kila kinachosemwa dhidi ya jambo hili ni kweli: ni fedha za familia na muda wa shule vinavyoliwa na kumbukumbu za mtu mmoja. Kama mtoto ana sauti ya kweli, pamoja na sauti ya kubandika kitu kibaya mahali pabaya, au kusema nimechoka naacha, ninaiona faida yake, nami niko radhi kuitetea hata mbele ya mke wa jirani. Yeye, kwa taarifa, bado hajashawishika, na bili za uchomeleaji amezitunza kwenye bahasha.

Mikanda imefungwa, mbele na nyuma. Injini imebaki ile ile kwa sharti kwamba ikifa tena binti ndiye anayeamua. Sijui kama baba alilitoa sharti hilo akiwa na nia ya kulitimiza.

Tangu Septemba gari limefunikwa turubai. Binti anajisomea. Boneti bado haijarudi, na sehemu kubwa ya nati zilizobaki ni za nusu inchi. Jirani aliniambia juzi kwamba spana ile moja haionekani kwenye boksi. Nikamuuliza kama ameitafuta. Akasema anajua iko kwenye begi la shule, chini ya vitabu vya fizikia, na kwamba hajaigusa.