Futari ya Leicester Iliyoagizwa kutoka Wete

Sababu ya mpwa wangu aliyeko Leicester kuagiziwa futari kutoka Wete ni ya kibenki kabisa. Alifika Uingereza kusoma siku chache kabla ya Ramadhani ya 2024, na huko mgeni hafunguliwi akaunti kirahisi mpaka aoneshe uthibitisho wa mahali anapokaa, na miongoni mwa uthibitisho unaokubaliwa kwa moyo mkunjufu ni barua itokayo benki. Programu nyingi za kuagizia chakula nazo hazitaki noti, zinataka kadi. Kadi iliyopatikana katika ukoo ilikuwa yangu, na nambari ya simu inayopokea ujumbe wa kuthibitisha malipo ilikuwa yangu pia. Kwa hivyo programu ikawekwa kwenye simu yangu, nami nikawa mlaji rasmi wa Leicester huku nikifuturu Pemba.

Kitu cha kwanza ilichofanya programu ile ni kugundua tulipo na kututangazia kwamba karibu nasi hakuna mkahawa hata mmoja. Dada yangu, mama wa mtoto, alikasirika. "Iambie hapa Wete pana wapishi chungu nzima," alisema, nami nikamweleza kwamba tusibishane nayo, tuandike anwani ya mtoto. Hapo pia hapakuwa pepesi. Msimbo wa posta wa Waingereza ni kitu cha kusifiwa, kwa maana mmoja huhusu kwa wastani nyumba zipatazo 15 tu, lakini dakhalia anayokaa mpwa wangu ina majengo kadhaa yenye msimbo ule ule, na kila jengo lina milango yake. Programu ilitoa nafasi ndogo ya maelezo kwa mpeleka chakula. Dada alinitaka niandike kijana ni mtoto wa nani na mjukuu wa nani, kwa kuwa hivyo ndivyo mzigo unavyofika kwetu. Kibao cha nambari tulichopigiwa mlangoni wakati wa zoezi la anwani za makazi mwaka 2022 hakijawahi kumleta mtu. Niliandika jina la jengo na nambari ya chumba, basi.

Katika kuchagua chakula tulipata faraja tusiyoitarajia. Leicester ni mji wenye Wahindi wengi waliotoka Afrika Mashariki, hasa wale waliofukuzwa Uganda mwaka 1972, na watu hao hawakuondoka mikono mitupu: mikahawa yao hadi leo inauza muhogo wa kukaanga wenye pilipili. Dada alipoiona picha ya muhogo kwenye kioo cha simu alinyamaza kwa muda, kisha akauliza bei. Nilimwambia kwamba pauni moja ni zaidi ya shilingi 3,000, akazidisha mwenyewe, na akasema kwamba kwa fedha hizo angenunua shamba pamoja na mkulima. Hata hivyo nilitia kwenye oda biriani moja ya kuku na sahani moja ya muhogo, nikamwonesha kitufe cha kubonyeza mtoto atakapotoka darasani, nikaiacha simu kwenye chaji na kwenda zangu msikitini. Kwao Magharibi ilikuwa ikiingia saa 12 jioni na dakika chache, ambapo kwetu ni saa 3 usiku na sisi tumo katika tarawehe.

Yaliyotokea nikiwa katika rakaa zile 20 nimeyapata kwa mashahidi, na mashahidi walikuwa wengi, kwa sababu niliporudi nilikuta barazani kwangu viatu vingi kuliko nilivyoviacha mlango wa msikiti.

Inaonekana kwamba kabla ya kubonyeza, dada aliomba asomewe mchanganuo wa gharama na binti wa jirani aliyeko kidato cha pili. Palikuwa na bei ya chakula, ada ya huduma, ada ya usafiri, na chini yake ada nyingine inayotozwa mtu aliyeagiza kidogo. Dada hakuikubali ada hii ya mwisho. Kwa hesabu zake, njia pekee ya kubana matumizi ilikuwa kuongeza oda, akaongeza sahani za muhogo mpaka ada ikafutika, kisha akaongeza na nyingine kwa sababu mwanawe hawezi kufuturu peke yake kama mkiwa. Binti alipachika msimbo wa benki, malipo yakapita, na ramani ikafunguka ikiwa na picha ndogo ya baiskeli.

Baiskeli ile ndiyo iliyokusanya watu. Walioniambia wanasema kwamba tangu mtaa wetu uwepo haujapata kutazama kitu kwa umakini namna ile. Ilipokwenda walishangilia, iliposimama kwenye taa za barabarani walisema kijana amepata pancha, na ilipokata kona na kuelekea upande mwingine kabisa palizuka mabishano makubwa. Kumbe kule mpeleka chakula hulipwa kwa safari, si kwa saa, na mara nyingi hupewa oda mbili kwa mkupuo, ya pili ikangoja mpaka ya kwanza ifikishwe. Mzee mmoja muuza samaki aliusifu utaratibu huo, akasema na yeye ndivyo anavyofanya. Dada hakumjibu.

Baiskeli ilipofika kwenye dakhalia, simu ililia Wete, maana nambari iliyosajiliwa ilikuwa ya Wete. Dada alisimama kuipokea kwa heshima ya mgeni. Binti alijitolea kutafsiri, lakini hakupewa nafasi. Dada aliona si adabu kumkabidhi mgeni kwa mtoto. Kijana alikuwa anauliza, nadhani, kama mteja yuko nyumbani, kama ashuke kuchukua, kama chakula kiachwe kwenye mlango wa kijani. Dada alijibu kila swali kwa Kiingereza chake chote, yaani "yes", kisha akamtakia Ramadhani njema. Kijana alishukuru kwa sauti laini kiasi kwamba, programu ilipouliza huduma ilikuwaje, dada aliamuru apewe nyota tano na bakhshishi juu.

Baada ya hapo ikaja picha ya ushahidi: mfuko mkubwa umekaa mbele ya mlango wa kijani. Mpwa wangu alipiga simu ya video na kusema kwamba mlango wao ni mweupe.

Hapo ndipo nilipofika. Fundi seremala alikuwa ameikuza picha na kutoa hukumu kwamba mlango ule si wa mbao hata kidogo, jambo ambalo halikutusaidia. Ikaamuliwa mpwa wangu atoke nje na simu aiinue juu, ili baraza nzima isaidie kutafuta. Alizunguka majengo yale kwa manyunyu, kafunga tangu alfajiri na bado ana tende moja tu tumboni, huku akiongozwa kutoka Pemba na watu wanaopiga kelele "Kulia! Kulia yakhe!" bila ya kukubaliana kulia ni kwa nani. Jengo la nyuma lote lilikuwa na milango ya kijani. Aligonga wa kwanza, na vijana wawili waliofungua walikutana na mtu aliyelowa, ameshika simu, na ndani ya simu mtaa mzima unauliza kwa sauti moja: "Ndio huo?"

Ndio uliokuwa. Vijana walikuwa wanafunzi wageni kama yeye, na walidhani mfuko ule ni zawadi ya ukaribisho kutoka chuoni. Waliomba radhi kwa dhati. Biriani walikuwa wameshaimaliza, lakini sahani zote za muhogo zilikuwa salama, kwa kuwa hawakuujua ni kitu gani. Dada alinitazama kwa muda mrefu sana. Ada ile ya oda ndogo, alisema, ingekuwa imemla mwanawe.

Kwa upande wangu nilibaki na biriani niliyoilipia, nikaandika malalamiko kwenye programu. Mashine iliniuliza kama chakula kilikabidhiwa mikononi mwangu. Nilijibu ukweli, kwamba mimi niko Wete, Pemba. Haikupita dakika ikaniandikia kwamba inasikitika sana, lakini mahali nilipo hapamo katika eneo wanalopeleka chakula.