Wiki nane Salvador, Brazil: shule au matembezi?

Kila mwanzo wa mwaka vyuo vikuu vya Marekani hutangaza safari za masomo za likizo ndefu, na Brazil haikosi kwenye orodha: wiki sita hadi nane, Kireno asubuhi, utamaduni jioni, na krediti za kurudi nazo. Siku hizi wanaosoma matangazo hayo ni pamoja na watoto wa Wakenya, Watanzania na Wakongo waliohamia Minnesota, Texas na kwingineko, kwa hiyo swali linafika mpaka sebuleni kwa wazazi. Hii ni shule, au ni matembezi yenye cheti? Wazazi wengi hawachelewi kujibu kwamba ni matembezi. Naona wana hoja, ila wanailenga pasipo pake. Wanalaumu ufupi wa muda, ilhali tatizo ni nani anayekwenda na akifika anakaa vipi.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo matangazo yanapopwaya. Foreign Service Institute, taasisi inayowafundisha lugha wanadiplomasia wa Marekani, inakiweka Kireno katika kundi la lugha rahisi kwa mzungumzaji wa Kiingereza: wiki 24 hadi 30, yaani saa 600 hadi 750 za darasani, mpaka mtu aweze kukifanyia kazi. (Kiswahili chetu kimepewa saa zipatazo 900.) Sasa piga saa nne kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki nane. Unapata saa 160. Hiyo kwa ukarimu ni robo, tena kama hakuna siku iliyoliwa na sikukuu au basi la kwenda ufukweni. Celpe-Bras, mtihani rasmi wa Brazil wa Kireno kwa wageni, hautoi hata cheti cha ngazi ya chini. Vyeti vyake vinaanzia kiwango cha kati. Aliyeanza na salamu mwezi Juni asitegemee kuukaribia mwezi Agosti.

Lakini sisi Waswahili jambo hili tunalijua kutoka upande wa mwenyeji, na hapo hesabu inabadilika kidogo. Critical Language Scholarship, mpango wa serikali ya Marekani ambao umekuwa ukipeleka vijana Rio de Janeiro kujifunza Kireno, umekuwa pia ukileta wengine Arusha kujifunza Kiswahili. Zanzibar nako walianza kupokea wageni wa namna hiyo tangu enzi za TAKILUKI, ile taasisi ya Kiswahili na lugha za kigeni. Tumewaona. Aliyefika bila neno hata moja anaondoka akijua kuamkia, kupatana bei sokoni na kueleza kwao wamezaliwa wangapi. Mkalishe kwenye kikao cha watu wazima wanaobishania shamba la urithi, atabaki kutabasamu. Yule aliyekuja na mwaka mzima wa Kiswahili alichosoma chuoni kwao, wiki hizohizo humgeuza kabisa: sikio linafunguka, aibu ya kukosea inamtoka, anaanza kutania na kutaniwa. Ufupi wa muda, basi, unamwadhibu zaidi anayeanza sifuri.

Na Salvador, mji mkuu wa jimbo la Bahia, una mambo ambayo darasa la Minneapolis haliwezi kuyatoa. Chukua capoeira, mchezo wa watu weusi wa Brazil unaochanganya mapigano, ngoma na nyimbo. Mtalii huona mateke. Anayejiandikisha kwa mwalimu mmoja na kuhudhuria jioni baada ya jioni hugundua kwamba sehemu kubwa ya kazi ni kuimba. Katika capoeira ya mtindo wa Angola, mchezo hutanguliwa na ladainha, wimbo wa mtu mmoja, wachezaji wawili wakiwa wamechuchumaa mbele ya berimbau, ala ya uta wenye waya mmoja, wakisikiliza. Kisha zinafuata nyimbo fupi: kiongozi anatoa mstari, duara linaitikia. Mtu aliyekulia kwenye ngoma za pwani au kwaya za kanisani hahitaji kufundishwa namna ya kuitikia. Anachofanya pale, bila mtu kukiita somo, ni mazoezi ya matamshi, zikiwemo zile irabu za puani ambazo Kiswahili hakikututayarishia. Pamoja na nyimbo anameza historia. Sheria ya jinai ya mwaka 1890, miaka miwili tu baada ya utumwa kufutwa, iliifanya capoeira kuwa kosa. Mestre (yaani mwalimu mkuu) Bimba akafungua shule yake ya capoeira Salvador mwaka 1932. Mwaka 2014 UNESCO ikaiorodhesha kama urithi wa utamaduni wa binadamu wote.

Kalenda nayo ina mambo yake. Kiangazi cha Marekani ni majira ya baridi ya Brazil, na Salvador mwezi Juni ni mji wa mvua. Anayekwenda akiwazia Karnivali amekosea miezi, kwani hiyo ni ya Februari au Machi. Sikukuu ya Iemanjá, mungu-mama wa bahari, ni tarehe 2 Februari. Akina mama weusi wa udugu wa kidini wa Boa Morte kule Cachoeira, mji wa ndani ya Bahia, huandamana katikati ya Agosti, wakati wanafunzi wengi wameshafungasha mizigo. Wanaoziponda safari hizi huishia hapo: mnalipa pesa yote hiyo mkaone mvua?

Mimi naona hapo ndipo zilipobahatika. Juni ni mwezi wa São João, yaani Mtakatifu Yohana, na Kaskazini Mashariki ya Brazil hiyo ni sikukuu ya watu kurudi kwao. Salvador hupungua watu, mabasi ya kwenda miji ya ndani hujaa, na usiku wa kuamkia tarehe 24 mioto huwashwa mbele ya nyumba. Kuna mahindi ya kuchemsha, kuna canjica, uji mzito wa mahindi mabichi na tui la nazi, na kuna forró, muziki wa kucheza wa kodiani, ngoma na pembetatu mpaka alfajiri. Mwanafunzi aliyebebwa na familia anayokaa nayo mpaka kwa bibi yao anakutana na Kireno cha shangazi wanaosengenya na wajomba wanaogombea kiti, ambacho hakimo kwenye kitabu chochote. Kisha tarehe 2 Julai Bahia husherehekea kufukuzwa kwa majeshi ya Ureno mwaka 1823, miezi kadhaa baada ya uhuru kutangazwa Septemba 1822. Wabahia hawapendi kusahauliwa kwamba kwao uhuru ulipiganiwa. Wiki mbili hizo peke yake, kwa aliyejiandaa, zinatosha kunipatanisha na nauli.

Kinachonikera ni kingine. Kinachouzwa kwenye matangazo kama utamaduni wa Brazil ni, kwa sehemu kubwa, utamaduni wa watu weusi wa Bahia, ambao wengi wao hawakufaidika sana na umaarufu wake. Pelourinho, mji mkongwe wa Salvador, uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1985. Ukarabati mkubwa ulipokuja miaka ya 1990, familia nyingi zilizokuwa zikiishi mle zilihamishwa kwa fidia ndogo ili majengo yapishe maduka na migahawa. Mestre Pastinha, mzee wa capoeira Angola aliyekwenda Dakar mwaka 1966 kwenye tamasha la sanaa za watu weusi duniani, alikuwa ameshaondolewa katika jengo lake humohumo Pelourinho, naye akafa mwaka 1981 akiwa kipofu na fukara. Wakazi wa Lamu na wa Mji Mkongwe wa Zanzibar hawana haja ya kuelezwa maana yake.

Hata hivyo, mtu akisema basi wanafunzi wasiende, simkubalii. Ada anayolipa mwanafunzi kwa mwalimu wa capoeira kwa miezi miwili, na kodi anayompa mama mwenye chumba, zinafika kwa mwenyeji moja kwa moja kuliko pesa ya mtalii wa hoteli. Tofauti iko kwenye mkataba wa programu: nani analipwa, na ni kampuni ya wapi inayobaki na sehemu kubwa. Mzazi ana haki ya kuuliza hilo kabla hajatoa kadi ya benki.

Kuna suala la rangi pia, ambalo vipeperushi hulipita mbali. Mwanafunzi mwenye asili ya Afrika Mashariki akiwa Salvador anaonekana mwenyeji. Watu watamwuliza njia, muuza acarajé, bagia za kunde, atamsemesha kwa kasi ya kawaida, hakuna atakayemkimbilia na Kiingereza. Kwa lugha, hiyo ni neema ambayo mwenzake mzungu hana. Lakini mwonekano uleule unamweka pia katika nafasi ya kijana mweusi wa Brazil mbele ya askari na walinzi wa maduka. Januari 2022 kijana mkimbizi kutoka Kongo aliuawa kwa kipigo kwenye kibanda cha ufukweni Barra da Tijuca, Rio. Familia yake ilisema alikuwa amekwenda kudai ujira wake. Simtaji ili kutisha watu. Namtaja kwa sababu ile hadithi ya Brazil isiyo na ubaguzi bado inauzwa, na kijana wetu asiende akiiamini.

Kuhusu fedha sitasema mengi. Ni maelfu ya dola. Raia wa Marekani anayepokea Pell Grant, ruzuku ya serikali kwa wanafunzi wa kipato cha chini, anaweza kuomba ufadhili wa Gilman, hadi dola 5,000. Aliye huko kwa viza ya mwanafunzi hana mlango huo, na anapaswa kwanza kuangalia kama viza na karatasi zake za chuo zitamruhusu kuingia tena Marekani, maana kutoka hakuna anayemzuia. Kwa aliyeko Dar es Salaam au Mtwara hesabu ni nyingine kabisa. Kireno kipo ng'ambo ya Ruvuma, na kwa kazi za SADC Kireno cha Msumbiji kitamfaa zaidi, ingawa Cabo Delgado yenyewe, jimbo la mpakani, si pa kwenda kusoma tangu vita vilipoanza mwaka 2017. Na anayeitaka Brazil kwa dhati aulizie PEC-G, mpango wa serikali ya Brazil unaowasomesha shahada bila ada vijana wa nchi zinazoendelea, wengi wao Waafrika. Wasiojua Kireno huanza kwa kusomeshwa lugha, kisha hufanya Celpe-Bras. Hiyo ni miaka, lakini inajibu swali ambalo likizo haiwezi kulijibu.

Kwa wa likizo, msimamo wangu ni huu. Asome Kireno angalau mihula miwili kabla ya kupanda ndege, na kama hajasoma aahirishe mwaka. Akae mji mmoja, nyumba ya watu, mbali na wenzake wa chuo, kwa sababu Kiingereza cha chumbani hula saa nyingi kuliko mvua. Programu inayozigawa wiki nane kati ya Rio, São Paulo, Salvador na Amazon ni utalii. Hakuna ubaya, mradi ilipiwe kwa pesa ya utalii na si kwa mkopo wa masomo.