Shilingi mia za Karura

Mwezi Agosti 2025, Shirika la Huduma za Misitu la Kenya (KFS) liliagiza kwamba kiingilio cha Msitu wa Karura jijini Nairobi, wakati huo shilingi mia, kilipwe kupitia eCitizen, mfumo wa malipo wa serikali. Hadi wakati huo fedha za langoni zilikuwa zikisimamiwa kwa ubia kati ya shirika hilo na chama cha wakazi, Marafiki wa Msitu wa Karura. Chama kilipinga, watu wakawaka mitandaoni, na mgogoro ukafika kortini. Aliye mbali angeuona kama ugomvi wa dirisha la kulipia: iwe hapa au pale, mia ni mia. Ila hiyo mia ndiyo inayolipa maskauti, yaani walinzi wa msitu, na kukarabati ua wa umeme, na anayeishika ndiye mwenye neno la mwisho msituni.

Karura si mali ya kaunti. Ni msitu wa serikali kuu, zaidi ya hekta elfu moja. Hata hivyo, ni mahali ambapo ushirika wa serikali na wakazi kwa ajili ya burudani umejaribiwa kwa miaka mingi, kwa hiyo kila kaunti inayotaka kugawana kazi ya bustani na viwanja na wananchi itajikuta inaitazama Karura.

Msitu huo uliponea chupuchupu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 vipande vyake vilikuwa vimegawiwa wajenzi binafsi, na tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walipigwa na walinzi walipokwenda kupanda miti. Umma ulishinda vita ile, lakini ushindi wenyewe ulikuwa nusu. Miti ilibaki, watu hawakuweza kuingia. Karura ya miaka iliyofuata ilijulikana kwa wanyang'anyi na maiti zilizotupwa. Ndipo Sheria ya Misitu ya 2005 ikaruhusu vyama vya kijamii kusimamia misitu pamoja na serikali, chama cha Karura kikaundwa, wafadhili wakachangia ua, na vijana wa kijiji cha Huruma kilicho ubavuni mwa msitu (si ile Huruma ya kule Mathare) wakaajiriwa kuwa maskauti. Mwaka 2011 malango yakafunguliwa. Leo kuna wakimbiaji alfajiri, baiskeli, familia zenye vikapu vya chakula Jumapili, na mbega waliohamishwa kutoka Kipipiri wakirukaruka juu ya vichwa vya watu.

Wanaotetea ushirika wa aina hii hupenda kusema kwamba wakazi ni waaminifu kuliko maafisa. Sikubaliani nao. Kamati za wananchi nazo hula hela, na yeyote aliyewahi kukaa katika kikundi cha mazishi au chama cha maji anajua mweka hazina anaweza kufanya nini. Nguvu ya mpango wa Karura haikutokana na usafi wa mioyo. Fedha zilikaa karibu na shimo la kuzibwa. Mti ukiangukia ua, skauti anauona asubuhi hiyo hiyo, na anayetia sahihi ya malipo anafahamu ni ua gani na upande gani. Fedha zikishapanda hadi hazina kuu, ua huo huo unageuka ombi, ombi linasubiri kipengele cha bajeti, bajeti inasubiri mgao wa robo mwaka, na mgao, kama kaunti zetu zijuavyo, hufika unapojisikia kufika.

Hoja ya serikali nayo ina uzito, hata kama ilitolewa kibabe. Msitu ni wa umma. Kifungu cha 206 cha Katiba kinataka fedha zote zinazokusanywa na serikali ya kitaifa, au kwa niaba yake, ziingie katika Mfuko wa Jumla, na cha 207 kinazitaka kaunti zifanye vivyo hivyo na mifuko yao ya mapato. Sababu yake tunaijua: hela zilizotawanyika katika akaunti mia hazina mwenyewe, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hawezi kuzifuata zote. Chama huwajibika kwa wanachama wake. Mimi nisiye mwanachama, ninayelipa mia yangu na kuondoka, nikiona mambo yanakwenda kombo nimshtaki nani?

Kuna jambo jingine linalosemwa kwa sauti ya chini, nami naliona ndilo zito kuliko yote. Majirani wa Karura ni Muthaiga, Runda na Gigiri. Ni mitaa ya mabalozi, mawakili na wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa, watu wanaojua kuandika ombi la ufadhili kabla ya chai ya saa nne na wenye nafasi ya kuhudhuria mkutano mchana wa siku ya kazi. Jiji likisema litashirikiana na kila mtaa utakaojipanga, basi mitaa iliyojipanga tayari ndiyo itakayochota kwanza. Na lango lenyewe huchuja watu. Vijana watano wa Huruma wakitaka kuingia pamoja, kwa kiingilio hicho cha mia, hizo ni shilingi 500, karibu ujira wa siku nzima ya mjengo. Baadhi yao wana ndugu wanaolinda msitu huo huo.

Lakini tusiseme kwamba maskini hawajipangi. Kibera imekuwa na mradi wa maeneo ya wazi tangu 2006, ulioanzishwa na wasanifu wa shirika la Kounkuey pamoja na vikundi vya wakazi, hasa kando ya Mto Ngong. Kwenye kingo zilizokuwa majaa ya taka kumejengwa viwanja vidogo vya watoto, kumbi, vyoo na vioski vya maji. Kinachonivutia ni jinsi vinavyojiendesha: hakuna kiingilio. Mtoto anacheza bure, na anayeingia chooni, anayechota maji au anayekodi ukumbi ndiye anayetoa sarafu. Sarafu hizo ndizo zinazomlipa msafishaji. Mchezo unabebwa na choo, kwa kusema kweli, na mpango huo unamfaa mtoto asiye na kitu kuliko lango la Karura.

Dandora nako, vijana walivichukua viwanja vya wazi vilivyo katikati ya nyumba, wakazoa taka, wakapanda nyasi na kupaka rangi, na wenye nyumba wakawa wanachangia matunzo. MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare kilichoanza 1987, kilikuwa kimeshafunganisha soka na usafi kitambo: timu hupata pointi za ligi kwa kusafisha mtaa.

Hapa ndipo subira yangu huisha. Jadwali la Nne la Katiba linazikabidhi kaunti bustani, fuo na vifaa vya burudani. Ni kazi yao, na kodi inakusanywa kwa ajili hiyo. Kisha anakuja afisa kwenye uzinduzi wa kiwanja kilichojengwa na wafadhili na kusafishwa na akina mama wasiolipwa, anakata utepe na kuuita ushirikiano. Tuliyaona haya enzi za harambee. Wazazi walijenga madarasa kwa michango ya kuku na mbuzi, serikali ikaahidi walimu, na shule nyingi zikakaa zikiwasubiri. Harambee hujenga vizuri sana. Kutunza ni shughuli nyingine, haina sherehe wala mgeni wa heshima.

Kuna kitu ambacho hakuna kikundi kinachoweza kukichangia, nacho ni ardhi salama. Bustani ya Jeevanjee, katikati ya jiji, ilitolewa kwa wananchi mwaka 1906 na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee. Hiyo haikuzuia mpango wa 1991 wa kujenga hapo maduka na maegesho. Iliokolewa kwa kelele za raia, zikiongozwa na mjukuu wake, Zarina Patel. Kama bustani yenye historia na jina la mfadhili ilihitaji vita, kiwanja cha kando ya mto Kibera kisicho na hati kina kinga gani siku tingatinga litakapoletwa? Ninavyoona, kaunti inayotaka kweli kushirikiana ingeanza na hati kabla ya kuleta mabembea: ipime kiwanja, ikisajili kama ardhi ya umma kwa matumizi ya burudani, ndipo iite kikundi mezani.

Na fedha je? Watu wengi wamebishana kana kwamba Katiba imefunga mlango. Haikuufunga. Kifungu cha 206 kinaruhusu sheria ya Bunge iiache taasisi ya serikali ibaki na makusanyo yake kwa ajili ya gharama zake, na cha 207 kinaruhusu Bunge kuziondoa baadhi ya fedha katika mfuko wa kaunti kwa sababu za msingi. Kwa hiyo mtu anaweza kulipia kwenye mfumo wa serikali, kila shilingi ikaonekana, na bado fedha zikarudi kutumika pale pale zilipokusanywa. Chama kitakachokataa mia yake ionekane kitanitia shaka. Serikali inayotaka kuziona fedha bila kuahidi kuzirudisha inanitia shaka zaidi, kwa sababu hiyo nimeshaiona ikifanya hivyo mara nyingi.

Mkataba wenyewe uwe na mwisho, tuseme miaka mitano, ili chama kirudi mbele ya wakazi kabla hakijajiona mwenye mali. Mapato na matumizi yabandikwe langoni kila mwezi, kwa Kiswahili, kwenye ubao ambao hata skauti anaweza kuusoma na kuuliza maswali. Penye kiingilio pawe na siku ya bure kila wiki, na isiwe Jumanne asubuhi wakati watu wako kazini. Jumapili itapunguza mapato, na pengo hilo ndilo ambalo kodi inapaswa kuliziba.

Karura yenyewe inaweza kungoja mahakama na wanasiasa. Nairobi ina wadi 85, na viwanja vingi vya mitaa hiyo havina lango, havina kiingilio wala wakili wa kuvitetea. Mpango wa aina hii ungeanzia huko, kwenye kiwanja kimoja cha vumbi chenye goli la miti, ambako hasara ikitokea ni ndogo na kikundi cha vijana tayari kinakifagia kila Jumamosi bila kuombwa na mtu.