Safari Hii Kamera Kaishika Mwenyewe

Lawama ninayoisikia mara kwa mara dhidi ya wasanii wa Kiirani waliobadili jinsia, wakakimbia nchi, kisha wakaanza kutengeneza filamu za maisha yao wenyewe, ni kwamba wanauza vidonda. Anayelaumu si lazima awe na chuki. Mara nyingi ni mtu anayeipenda sinema ya Iran, aliyezoea filamu zake za ukimya na mafumbo, na inamuuma kumwona mkimbizi amesimama mbele ya kamera Berlin au Toronto akieleza waziwazi baba alimpiga kwa nini, daktari alimuuliza nini, na usiku wa mpakani ulikuwaje. Kwani lazima yote yasemwe? Na kwa nini yasemwe huko, mbele ya watazamaji ambao wameshaamua zamani Iran ni nchi ya namna gani?

Ni maswali ya haki. Waajemi wana neno *aberu*, yaani heshima ya mtu mbele za watu, na maana yake ya asili ni maji ya uso. Sisi husema uso umeumbwa na haya. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa sana: anayejianika haaniki mwili wake peke yake, anaianika nyumba nzima. Mama anayeonekana kwa sekunde chache kwenye video ya zamani ya simu bado anaishi mtaa uleule, bado ananunua mkate kwa muokaji yuleyule. Hakuulizwa. Na hata kama aliulizwa, aliulizwa kwa simu na mtoto ambaye huenda asimwone tena, na mama gani angekataa?

Kuna pia hoja ya watu waliobaki. Afsaneh Najmabadi, mwanahistoria wa Kiirani wa Chuo Kikuu cha Harvard, alichapisha mwaka 2014 utafiti mpana juu ya watu waliobadili jinsia ndani ya Iran. Anaonyesha kwamba wengi wao si mateka wa kisu cha daktari kama magazeti ya nje yanavyopenda kusimulia. Wanazijua ofisi, wanazijua sheria, wanabishana na maafisa, wanapangisha nyumba, wanaoa na kuolewa. Nchi hiyo inayoweza kumhukumu mtu kifo kwa mapenzi ya jinsia moja ndiyo hiyohiyo ambayo sheria yake ya familia ya mwaka 2013 inaitaja kesi ya kubadili jinsia kama kesi ya kawaida ya mahakama ya familia. Filamu ya mkimbizi mmoja mwenye maumivu, ikionyeshwa Ulaya, inaweza kuyafuta maisha haya yote na kubakiza picha moja tu ya giza. Hoja hiyo naikubali. Nimeziona filamu za namna hiyo, ambazo zikifika kwenye kidonda hukaa hapohapo, na mtazamaji hutoka amemhurumia mtu bila kumjua.

Ila wanaolaumu husahau kwamba kabla ya filamu kulikuwa na faili.

Hebu tuhesabu. Anayetaka kibali cha kubadili jinsia Iran humsimulia daktari wa akili maisha yake, kikao baada ya kikao, kwa miezi. Atayasimulia tena mbele ya taasisi ya tiba ya kisheria, na tena mahakamani. Aliyezaliwa akaandikishwa mwanamume atayasimulia jeshini ili asamehewe utumishi wa lazima, na kwa miaka mingi msamaha huo uliandikwa chini ya kifungu cha maradhi ya akili, kwenye kadi ambayo kila mwajiri huomba kuiona. Akishindwa na maisha, huvuka kwenda Uturuki, ambako Muirani haombwi viza. Huko atayasimulia kwa anayemwandikisha, kisha kwa anayemhoji, kisha kwa maafisa wa nchi itakayompokea, ikiwa ipo itakayompokea. Katikati ya hayo hupangiwa mji wa kukaa, Denizli labda au Eskişehir, aripoti na kutia sahihi, asitoke bila ruhusa. Uturuki huwapa hadhi kamili ya ukimbizi watu waliotoka Ulaya tu. Wengine wote husubiri kupelekwa kwingine, na Marekani ilipoifunga milango yake kwa Wairani Januari 2017, kusubiri huko kuliwageukia wengi kukawa ndiyo maisha yenyewe. (Ayatollah Khomeini, aliyekuja kuongoza mapinduzi ya Iran ya 1979, naye alipokuwa amehamishiwa Bursa, Uturuki, mwaka 1964 na 1965, ndipo alipoandika kitabu cha fiqhi chenye masuala ya kubadili jinsia. Hukumu ambayo njia hii yote ilikuja kujengwa juu yake iliandikwa na mtu aliye uhamishoni.)

Kwa hiyo huyu tunayemwambia anauza kidonda ameshakitoa kidonda hicho mara sita au saba, bila malipo, mezani kwa watu waliokuwa na mhuri. Na kila meza ilikuwa na sharti lilelile: simulia moja kwa moja, simulia kwa mpangilio, usijipinge.

Sharti hilo la mwisho ndilo linaloninyima raha. Mwaka 2002 jarida la madaktari la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti wa Jane Herlihy na wenzake. Waliwahoji wakimbizi 39, 27 wa Kosovo na 12 wa Bosnia, kila mmoja mara mbili, kuhusu tukio lilelile. Hawa walikuwa tayari wana ruhusa ya kubaki Uingereza. Hawakuwa na cha kupata kwa kudanganya wala cha kupoteza kwa kusema kweli. Hata hivyo masimulizi yao ya kwanza na ya pili yalitofautiana, na kutofautiana huko lilikuwa jambo la kawaida, si la wachache. Wale wenye dalili kali za kiwewe ndio ambao tofauti ziliongezeka kadiri muda kati ya mahojiano mawili ulivyorefuka. Vilivyoyumba zaidi vilikuwa vile vidogo vya pembeni: saa, rangi, nani alisimama wapi.

Ni watu 39 tu, najua. Lakini kila nikirudi kwenye utafiti huu naona jinsi mambo yalivyopinduliwa. Ofisi ya hifadhi ya wakimbizi huushika uongo kwa kutafuta tofauti kati ya simulizi la kwanza na la pili. Utafiti unasema tofauti hizo ndivyo kumbukumbu inavyofanya kazi, na kwa aliyeumia vibaya na kusubirishwa sana ndipo zinapozidi. Maana yake aliyeteseka zaidi, na aliyekaa foleni muda mrefu zaidi, ndiye mwenye nafasi kubwa ya kuonekana mwongo. Mtu anayelijua hilo, na kila mkimbizi hulijua hata kama hajawahi kuusikia utafiti huo, hujifunza simulizi lake kwa moyo kama sura ya msahafu. Hulisema bila kukosea. Na baada ya miaka hilo la kukariri ndilo linalobaki, lile la kweli limekwenda zake.

Nimekaa kwenye chumba cha mahojiano ya wakimbizi, miaka iliyopita, kama mkalimani wa Kiswahili, katika nchi ya Ulaya nisiyohitaji kuitaja. Mwombaji alitoka mashariki mwa Kongo. Alisema habari za mtu aliyekuwa akiishi naye: yeye alinificha, yeye alinipikia, yeye walimchukua. Kwa Kiingereza nilipaswa kuchagua mwanamume au mwanamke, nami bila kuuliza nikachagua mwanamke, kwa mazoea. Saa mbili baadaye habari ikafika mahali ambapo mtu yule hakuweza kuwa mwanamke. Afisa akarudisha kurasa nyuma, akaweka kidole, akauliza kwa upole kabisa: ukurasa wa nne ulisema hivi, sasa unasema vile, mbona umebadilisha? Mwombaji alinitazama mimi. Hakuwa amebadilisha chochote. Nilisimamisha mahojiano nikaeleza kwamba kosa ni langu, na likaandikwa. Lakini Kiswahili kilikuwa kimemsitiri kwa saa mbili, nami nilimvua kwa neno moja.

Kiajemi nacho ni hivyohivyo. Kina *u*, kama yeye yetu, mwanamume ni *u* na mwanamke ni *u*. Mtu aliyebadili jinsia anaweza kusimulia utoto wake wote kwa Kiajemi bila kulazimishwa kutamka alikuwa nani kabla ya kujijua. Akiingia ofisi ya Kijerumani au Kifaransa, mkalimani huamua kwa niaba yake katika sentensi ya kwanza. Filamu yake mwenyewe ndiyo mahali ambapo maandishi yale madogo chini ya picha huyaandika yeye. Anaweza kuacha utoto uwe mwanamume na ujana uwe mwanamke. Anaweza kuacha pengo, picha iende bila tafsiri, na mtazamaji akae na pengo hilo.

Ndiyo maana siwezi kuiita kazi hiyo biashara ya vidonda. Katika chumba cha uhariri, kwa mara ya kwanza, kujipinga kunaruhusiwa. Anaweza kusimulia usiku wa mpakani mara tatu kwa namna tatu akaziacha zote tatu. Anaweza kusema sikumbuki, na asinyimwe kibali kwa hilo. Anaweza kuonyesha mlango wa chumba na asiufungue.

Linganisha na kamera zilizotangulia. Mwaka 2008 Tanaz Eshaghian, Mmarekani mwenye asili ya Iran, alitoa filamu ya hali halisi iliyowafuata vijana katika kliniki ya Tehran ya daktari Bahram Mir-Jalali. Ni kazi ya heshima, na wengi tulijifunza kutoka kwake. Lakini vijana wale wamo humo kama wagonjwa kwenye benchi, wanajibu wanachoulizwa, na anayeamua filamu ikatwe wapi ni mtu mwingine. Mwaka 2021 Mdenmaki Jonas Poher Rasmussen alitoa filamu ya katuni, *Flee*, juu ya rafiki yake, shoga aliyekimbia Kabul akiwa mtoto, jina likabadilishwa na sura ikachorwa ili asitambulike. Filamu hiyo inagusa, na ilimlinda. Lakini hapo pia anayehoji ni mmoja na anayelala kwenye kochi akafumba macho ni mwingine.

Wanaosema kujieleza namna hii ni tabia ya kizungu iliyopandikizwa wamekosea historia ya nyumbani kwao. Mshairi wa Kiirani Forough Farrokhzad alipoandika mapenzi kwa sauti ya mimi ya mwanamke, katikati ya miaka ya 1950, aliambiwa hayahaya kuhusu maji ya uso, na mtoto wake alichukuliwa asimlee. Leo Muirani gani atasema Farrokhzad si wake? Na mwaka 1990 mwongozaji wa Kiirani Abbas Kiarostami katika filamu yake *Close-Up* aliingiza kamera mahakamani kwenye kesi ya Hossain Sabzian, mtu maskini aliyejifanya mwongozaji Mohsen Makhmalbaf, kisha akamwomba Sabzian na familia aliyoidanganya waigize upya aibu yao, kila mtu kwa sura yake. Sinema ileile inayosifiwa kwa kuficha ndiyo iliyofanya hilo. Sabzian, akiwa mshtakiwa, alisikilizwa na kamera kuliko alivyosikilizwa na hakimu.

Kuhusu mama aliyemo kwenye video ya simu sina jibu linaloniridhisha. Nadhani afichwe, hata kama filamu itapungua uzuri, kwa sababu yeye hana tikiti ya ndege. Na matamasha ya filamu nayo yabebe mzigo wao. Onyesho likiisha, taa zikiwashwa, kipaza sauti huzungushwa ukumbini, na swali la kwanza mara nyingi huwa kuhusu upasuaji au kipigo, halafu msanii anajikuta tena mezani mbele ya afisa. Mwenye ukumbi angeweza kukataza swali hilo. Wachache hukataza.

Maryam Khatoon Molkara, mwanamke wa Kiirani aliyebadili jinsia, ambaye bila yeye pengine hakungekuwa na njia ya kisheria hata kidogo, alipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili baada ya mapinduzi na kuchomwa homoni za kiume kwa nguvu. Baadaye alikwenda Jamaran, kaskazini mwa Tehran, nyumbani kwa Khomeini, amevaa suti ya kiume, Kurani mkononi na viatu vimening'inia shingoni, kama Hurr, kamanda aliyetubu akahamia upande wa Imam Hussein, katika maombolezo ya Ashura, ishara ya anayekuja kuomba hifadhi. Walinzi walimpiga. Waliona bendeji kifuani wakadhani ni bomu. Kaka yake Khomeini ndiye aliyewazuia na kumwingiza ndani, na alitoka na barua ya Khomeini ya kumruhusu. Masimulizi mengine yanasema ilikuwa 1986, mengine 1987. Aliyasimulia haya mara nyingi, kwa waandishi wa nchi nyingi, kila mmoja akachukua kipande chake. Alifariki mwaka 2012, na katika picha zake zote nilizoziona, anayeshika kamera ni mtu mwingine.