Milo juu, juu zaidi!

Wengi wakiniona na hedfoni kwa matatu hufikiri nasikiza taarabu ama bongo, kumbe mwenzao ni mgonjwa wa muziki wa panki. Tena si panki zote, kuna ile wenyewe huiita melodiki hadikoo, yaani mbio na kelele lakini ndani yake kuna tuni unaweza kuiimba ukifua nguo, na kwangu mimi hakuna aliyewahi kuipatia mapema kama Descendents, vijana wa pwani ya California, na albamu yao ya 1982 inaitwa Milo Goes to College. Nyimbo 15, dakika 22 hivi, kwisha. Ukianza kuisikiza Mwembe Tayari hapa Mombasa na matatu ishike jam kidogo tu pale Posta, feri hujafika na albamu ishamalizika, warudia tena.

Na si kelele tupu. Wimbo wa Hope ni wa kijana anangojea msichana ambaye ana mwingine, anangoja tu, na anaimba kama anayesaga meno. Kuna wimbo mtu anataka kuwa dubu, basi, hilo ndilo jambo lake, na dakika haifiki. Bill Stevenson kwa ngoma hakupi hata pumzi ya kumeza mate. Lakini aliyeniua mimi ni Tony Lombardo, mtu mzima kuliko wenzake wote, kazi yake ilikuwa kupeleka barua, na besi yake haikai nyuma kama besi za watu, inatangulia mbele kama mtoto aliyetumwa dukani akaambiwa chenji ni yake.

Hilo jina la albamu nalo halikubuniwa. Muimbaji wao Milo Aukerman aliaga bendi akaenda chuo kikuu kusoma baiolojia, ikawekwa katuni yake kwa jalada, kijana wa miwani, shati na tai shingoni. Shikeni hapo kwa tai.

Sasa 2022 albamu ilikuwa yatimiza miaka 40, nikasema lazima nishone tishati. Mwezi ni Julai, mwajua wenyewe Julai ile ilikuwaje, uchaguzi ni tarehe 9 Agosti, mji wote kila ukuta una uso wa mtu anacheka. Nikaenda kwa fundi mmoja wa kuprinti, simtaji, mashine yake hailali, inatema wagombea usiku na mchana. Nikamtumia ile picha kwa WhatsApp na voisi, nikamwambia wazi kabisa: nataka huyu jamaa kifuani, Milo iandikwe juu, halafu chini yake goes to college. Akajibu kwa kidole gumba.

Siku ya kuichukua naikunjua, naona jamaa yangu wa miwani yuko pale, safi, tai imenyooka, na chini ya kidevu kwa herufi za kuonekana kutoka Zanzibar: MILO JUU. Halafu GOES TO COLLEGE. Mgongoni: TWENDE NAYE. Rangi ni kijani cha embe changa kwa sababu zile rangi zenye wenyewe zilikuwa zimekwisha.

"Babangu, ya mgongoni nimekuwekea bure," fundi akaniambia. "Mwambie mheshimiwa oda kubwa ailete hapa hapa."

Nikataka kubishana lakini kuna watu nyuma yangu wanataka fulana mia tano, nani atanisikiza mimi wa moja. Nikaitia kwa mfuko, nikatoka. Haikuwa niivae, wallahi. Lakini pale sokoni mkokoteni wa samaki ukaingia shimoni, beseni likainama, maji yale ya samaki, mwayajua, yenye magamba na barafu, yakanishuka kutoka begani mpaka kwenye mshipi. Paka wakaanza kunifuata. Nikaingia kichochoro, nikavua shati, nikavaa nilichokuwa nacho.

Mpaka Posta hakuna shida. Makanga mmoja tu alinipigia saluti.

Shida ni feri. Kama umewahi kungojea feri ya Likoni jioni wajua pale mahali watu hawana la kufanya ila kukusoma. Na mimi nilikuwa nasomeka mbele na nyuma. Mama mmoja ana beseni la mabuyu akaniuliza, "Kijana, huyu wenu ni wa wadi gani?"

"Si mgombea, mama, huyu ni mwanamuziki."

"Aah, siku hizi si wote."

Mtoto akauliza kama tunagawa ya kunywa. Kijana mwingine akasema huyu ukimuangalia vizuri ni wa upande wa Mtongwe, babake alikuwa mwalimu. Halafu mzee mmoja wa kofia akaja na lile swali lililokuwa likisumbua Kenya nzima mwaka ule, la vyeti.

"Amesoma?"

Sasa nitadanganya? Nikasema, "Amesoma, mzee. Ana PhD."

Jamani. Ile kelele iliyotoka hapo. Watu waliokuwa mbali wakaanza kusogea. Ya wapi? Marekani. Ya nini? Ya baiolojia, tena baadaye akafanya kazi ya utafiti wa mimea miaka na miaka. Mzee akageukia wenzake akawaambia, mwasikia, si hawa wengine cheti kimoja kina majina matatu, huyu hata kwenye fulana kaandika alienda college. Mtu akatoka nyuma akauliza kama huo utafiti utafika mpaka kwa minazi, kwake minazi inakauka vichwa. Nikamwambia mimi sijui mambo ya minazi. Akasema, "Si umwambie yeye."

Geti likafunguliwa, tukabebwa na ule umati kama maji, nikajua nikiingia ndani watatawanyika. Kumbe ndani ya feri ndio hakuna pa kukimbilia, huku gari, huku bahari. Na ilikuwa wiki ya Idd Kubwa kwa hiyo kati ya watu kuna mbuzi.

Jamaa mmoja wa ndoo ya samaki (ile harufu yangu nadhani ndiyo ilimuita) akataka kujua sisi tumewapangia nini wavuvi. Na hapa mimi ugonjwa wangu ukanishika, maana ukiniuliza kitu cha albamu hii siwezi kunyamaza. Nikamwambia mbona wana wimbo mzima wa kutoka na mashua kwenda kuvua, Catalina, na yule mpiga gitaa wao Frank Navetta mwisho wa yote aliacha muziki akahamia Oregon akawa mvuvi.

"Kwa kamati yake kuna mvuvi?"

"Kuna mvuvi, na wa posta pia."

Akaweka ndoo chini, akanipa mkono. Mkono umelowa.

Hapo ndipo akatokea yule kijana wa kuuza dawa ya kunguni na panya, yule mwenye spika begani inayojisemesha yenyewe. Akazima kunguni, akanyosha waya. "Leta wimbo wa kampeni, bro." Nikasema hapana. Feri nzima ikasema ndiyo. Mama wa mabuyu akasema kama mgombea hana wimbo huyo si mgombea. Simu ikanitoka mkononi, sijui nani alichomeka, nasikia Myage inaanza, wimbo wa kwanza wa albamu, besi ya Lombardo imelia juu ya maji ya Kilindini, na nitawaambia ukweli hata katika ile aibu roho yangu ilitetemeka, sikuwahi kuisikia kubwa vile, na wazi vile, kila uzi wa besi unausikia. Halafu ngoma zikaingia.

Mtoto mchanga akaanza kulia. Mbuzi mmoja mweupe, mkubwa, amepakwa hina kipaji, akasimama kwa miguu ya nyuma. Mwenyewe akamvuta kamba, kamba ikamteleza, mbuzi akapita kati ya miguu ya watu, akaruka juu ya boneti ya probox, akatulia hapo akatuangalia sote kama ndiye anayefuata kuhutubia. Watu wanakimbiza mbuzi, dereva wa probox anataka kujua nani atamlipia rangi, na Stevenson anapiga tu, nikijaribu kuzima naruka wimbo, ukaisha ule wa pili ukaingia mwingine, nikiugusa ushaisha nao, ndio raha ya albamu hii na ndio balaa yake, kila unapoufikia wimbo ushakwenda zake. Kwa wimbo wa Catalina tulikuwa tushagusa ng'ambo.

Mzee wa kofia alikuwa amesimama vile vile, mikono nyuma, anasikiza. Aliponiona akatikisa kichwa. "Huyu," akasema, "amechoka na serikali kweli. Kura yangu amepata."

Likoni nilitaka nipande kimya kimya kama kawaida. Bodaboda walishasikia. Sijui habari husafiri vipi kuliko feri, lakini nilishuka nikakuta honi, nikapanda moja zikafuata nyingine, MILO! JUU! MILO! JUU ZAIDI! mpaka mlangoni kwetu. Mama akatoka na mwiko. Akaniangalia mimi, akaangalia msafara, akaangalia kifua changu, akasoma taratibu midomo ikitembea.

"Nani huyu?"

"Ni bendi, ma."

"Na hawa?"

Hawa walikuwa wanataka mafuta. Mheshimiwa akileta watu huwatilia mafuta, hiyo ni sheria. Sina shilingi ya kutilia pikipiki mafuta, mama akawaambia ngojeni, akarudi na sinia la mahamri ya futari ya siku ya Arafa, watu wamefunga, akawagawia mojamoja wakae nayo mpaka jua litue, akawaambia mheshimiwa anawasalimu. Wakaondoka wakipiga honi. Kuanzia siku hiyo mtaani mimi ndiye PA, msaidizi wa mheshimiwa.

Sikudhani itafika mbali, ila wiki ile baada ya Isha wakaja vijana wawili wa mgombea mmoja wa MCA, yaani mwakilishi wa wadi, wa kweli huyo, watu wa adabu sana, viatu wakavua nje. Wakanywa kahawa tungu, wakauliza hali, wakauliza za wazee, halafu mmoja akasogea karibu akaniuliza kwa sauti ya chini, ndugu yetu Milo akiombwa awachie wenzake njia safari hii, itamgharimu mtu kiasi gani?

Nikawaambia Milo hayuko Kenya kabisa.

Wakaangaliana. "Diaspora," mmoja akasema. Akaandika kwa simu. Hawakurudi, lakini nasikia walipita nyumba za jirani wakisema mgombea wetu sisi anaishi hapa hapa na watu wake, si wa kuongoza kwa simu.

Kisha zikaja zile habari za tarehe 8 Agosti, kesho yake ni kura, tunaambiwa ya gavana Mombasa imesimamishwa, karatasi zimekuja na picha zenye makosa. Mji mzima unagombana kwa sababu gani na nani kafanya nini. Nyanya yetu wa jirani, aliyekula mahamri yale na ile nyimbo akaimbiwa na watoto wa bodaboda, alikuwa peke yake mwenye jibu. Alinikuta barazani akaketi, akashusha leso.

"Si nilikwambia. Wamesahau kutia ya yule mtoto wa miwani. Ndio warudi wakaprinti upya."

Nikajaribu kumueleza. Nikamchezea hata wimbo wa Bikeage, kidogo tu, kwa sauti ya chini. Akasikiza mpaka mwisho (si muda mrefu) akasema ana sauti nzuri lakini asipige kelele sana akiingia ofisini.

Kura ya gavana ikasogezwa, ikasogezwa tena, ikaja kupigwa tarehe 29. Nyanya aliamka alfajiri, akajitia wanja, akapanga foleni na fimbo yake. Saa nne nikamuona anarudi, wino kidoleni, uso umefungika. Nikamuamkia, "Shikamoo, nyanya."

Hakuitika. Akapita, akafika mlangoni kwake, ndio akageuka.

"Mwambie aende mahakamani."