Mjerumani wangu kasujudu tena

Yakhe, mtu akikuuzia gari ya Kijerumani, V8, viti vya ngozi, mlango ukiusogeza tu unajivuta wenyewe ukafunga, halafu bei ni ile ile ya Vitz, usimuulize gari ina nini, muulize yeye jana kalala vipi. Mie sikuuliza. Nilimkuta bwana mmoja wa Chukwani, hapa hapa Unguja, mtu mzima na ndevu zake nyeupe safi, gari ya 2003 imetoka Japani, milioni 12, nikajiona mie ndo mjanja. Siku ya kumpa pesa kanishika mkono hataki kuuwachia, ananiombea dua tuuu. Nikasema mashallah, mcha Mungu huyu. Kumbe mwenzangu alikuwa anashukuru.

Wiki ya kwanza skwambii. Michenzani watu wanageuka shingo, barazani nasogezewa kahawa kabla sijakaa. Gari hii haina springi za chuma kama gari za watu, imekalia mipira ya upepo, kila tairi na mpira wake, ukipita kwenye mashimo unahisi umo ndani ya jahazi bahari shwari. Sasa mpira si mpira tu? Ukishafika miaka ishirini unafanya vipasuko vidogo hata kwa jicho huvioni, unapumua usiku kucha, asubuhi natoka na kanzu yangu naikuta kulia mbele imelala mpaka tairi imezama ndani ya bodi. Bi mkubwa kasimama mlangoni ananambia, "Mwanangu, gari yako inasujudu kabla ya adhana, wewe mpaka uamshwe."

Ukiwasha, kuna kikompresa kinaanza kujaza upepo, nguruuuu, dakika mbili tatu gari inanyanyuka taratibu kama mzee anaeamka na magoti yake. Nikaona basi si neno, tutakuwa tunaamka pamoja. Hapo ndo nilipojimaliza. Kile kidude hakikufanywa kushinda kinafanya kazi, kinajaza kidogo kisha kinapumzika, sasa mpira ukivuja hakina tena mapumziko, kinapata moto, rilei, yaani swichi yake ya umeme, inaganda, kinakufa. Nikakataa kununua mpira wa milioni 1 na laki 6, nikaja kununua mpira NA kompresa. Na huo mpira ni mmoja, gari ina miguu minne!

Nilimuuliza fundi kwani hivi vitu vimetiwa dhahabu? Akanambia ami, gari inashuka bei, spea haishuki. Hii ilipokuwa mpya ilikuwa bei ya nyumba, ya watu wenye dereva wao, imezeeka ndo imefika kwetu sie wa Fuoni, lakini nati zake bado zinajiona ziko kwa tajiri. Nilinyamaza. Kuna maneno yanauma kwa sababu mtu angekwambia mwezi uliopita.

Haya, siku ya plagi. Mie nimepiga hesabu zangu, V8 ni pistoni nane, basi plagi 8, nikatia pesa ya plagi 8 mfukoni na chenji ya urojo. Fundi kanitazama kwa huruma. Kila pistoni ina plagi mbili. Kumi na sita! Urojo wenyewe sikuula. Oili lita 8, Vitz ya jirani yangu galoni moja ya lita 4 na inabaki ya kupaka bawaba za mlango. Tangi lita 88, sijawahi kuliona likijaa, nimesoma kwenye kitabu tu, mie natia ya elfu 20 mshale haujui hata kama kuna kitu kimeingia, na isiwe mafuta ya hivi hivi, yeye anataka yale ya juu, ukimpa mengine anakohoa mpaka watu wa pembeni wanakupa pole. Fundi akachomeka kompyuta yake, ikatoa makosa 27, akacheka eti mengi katika haya ya kawaida tu. Ya kawaida kwa nani?

Na usukani uko kushoto. Matajiri wa Japani walikuwa wanapenda hivyo, gari ya Ulaya iwe na usukani wa kushoto ndo ionekane ya Ulaya kweli, ingawa na wao wanapita kushoto mwa njia kama sie. Fahari yao imekuwa balaa langu. Nikikwama nyuma ya gari ya ng'ombe iliyopakia makumbi njia ya Mkokotoni, mie sioni mbele, anaeona ni mke wangu. "Bado... bado... daladala hiyo... haya pita! Pita! La, rudi!" Tukinuniana hatupiti mtu, tunamfuata ng'ombe mpaka tupatane. Na trafiki akitusimamisha anakwenda dirisha lake yeye kumuomba leseni. Siku moja mke wangu kanigeuzia kidole akamwambia, "Muulize utingo wangu huyu."

Halafu yule Mjapani wa ndani ya redio. Kila nikiwasha ananisemesha, sauti laini, mie nikawa namuitikia "waalaykum salaam". Kijana mmoja anaetembeza watalii, anajua kidogo Kijapani, ndo kanambia anasema kadi ya kulipia barabara haijatiwa. Miezi minne mtu ananidai mie nafikiri ananikaribisha.

Lakini haya yote nimesamehe. La harusi sijasamehe. Mtoto wa dada yangu anaoa Kwahani, wakasema gari ya mjomba ndo ya bwana harusi, nikaiosha mpaka ukiitazama unachana nywele. Tumekwenda msikitini vizuri, kumeozeshwa, halua imeliwa, tunatoka nje gari imekaa kitako. Yote. Miguu yote minne iko chini, hupitishi hata gazeti. Nawasha, kompresa kimya. Watoto wa mtaa wameshaizunguka, "Gari imekaa kitakooo! Gari imechoka!" Bwana harusi na joho lake na jambia kiunoni akatazama huku na huku, akapanda kikeri, kigari cha mizigo, kilicholeta masufuria ya biriani. Alifika kwa mkewe ananukia vitunguu. Dada yangu mpaka leo akinisalimu anaanza na "nasikia umenunua gari".

Basi nikaamua nauza. Akatokea jamaa wa Bububu, milioni 7, kwa pesa mkononi. Nikamwambia njoo kesho kutwa, maana kompresa iko njiani kutoka Dar na boti, niitie kwanza gari isimame, hata ng'ombe wa kuuzwa anakogeshwa. Jana fundi kaifunga. Nguruuu... ikanyanyuka, ikakaa sawa, nikaizungusha mpaka Amani na kurudi, kimyaa, inaelea, watu wanageuka shingo kama zamani. Nikampigia yule jamaa, gari siuzi.

Leo alfajiri natoka, nyuma kushoto iko chini. Nimempigia jamaa toka saa moja, kaja kupokea mara ya sita. Kanunua Vitz.