Tairi lililokataliwa huku ndilo tunaloshangilia kwetu

Jumamosi iliyopita, hapa Dortmund, Ujerumani, fundi alikataa kunifungia matairi niliyonunua kwa pesa yangu. Matairi manne ya baridi, ya Continental, kashata (vile vinundu vya mpira vinavyoshika barabara) bado zimesimama, nimeyapata kwa jirani kwa euro 80 yote manne. Nikajua nimeokota dodo. Yule kijana akaliinua moja, akalizungusha taratibu hadi akafika kwenye kialama chenye umbo la yai pale ubavuni, akafuta vumbi kwa kidole gumba, akanionyesha: 4114. Wiki ya 41, mwaka 2014. "Haya sifungi," akasema, akageukia gari jingine.

Nilikasirika sana. Ni Oktoba, foleni iko nyuma yangu, kila mtu anataka kubadilisha kabla ya theluji, maana huku ukikutwa kwenye theluji na matairi ya kiangazi ni faini ya euro 60 na pointi moja ya adhabu kwenye rekodi yako ya udereva. Nikamwambia sheria haijaweka ukomo wa umri kwa tairi la gari dogo. Akakubali. "Ni kweli, hainikatazi. Lakini likipasuka, mkono uliolifunga ni wangu." Akanionyesha nyufa nyembamba kama nywele, chini kabisa kati ya kashata na kashata. Mimi sikuziona kwa sababu nilikuwa nasoma jina la kampuni.

Nikanunua mapya. Pale dukani kuna ya Kichina ya euro 52, kuna ya jina kubwa ya euro 105, na katikati kuna yale ya kampuni zilizo chini ya kampuni kubwa, kama Barum ilivyo chini ya Continental au Kleber chini ya Michelin. Kila tairi lina lebo ya Umoja wa Ulaya, na tangu Mei 2021 herufi zake zinaanzia A hadi E: moja ya ulaji wa mafuta, moja ya kushika lami yenye maji. Kwenye maji, herufi moja na inayofuata zinatofautiana takriban mita 3 hadi 6 za kusimama ukifunga breki kwa kasi ya kilomita 80 kwa saa. Toyota IST haifiki mita 4 kwa urefu. Kwa hiyo herufi moja ni karibu nafasi ya gari zima mbele yako. La Kichina lilikuwa na C, la katikati B, la ghali B. Nikachukua la katikati, na roho yangu ikatulia, kwa sababu nilijua nimelipia nini na nimeacha nini.

Kilichoniumiza nilikiona nyuma ya gereji. Kuna marundo mawili ya matairi ya zamani. Moja linakwenda kusagwa. La pili limepangwa vizuri, yale yenye kashata kidogo, yenye majina makubwa. Nikauliza haya yanakwenda wapi. Yule kijana akasema yapo yanayonunuliwa kwa ajili ya Afrika, na akaniuliza kama yangu manne ayaweke huko. Hakusema kwa dharau, alikuwa ananisaidia nisilipie ada ya kuyatupa. Nikamwambia hapana, nalipa, yasagwe.

Jioni hiyohiyo mdogo wangu ananitumia picha kutoka Dar. "Shikamoo kaka. Nimefunga Michelin mbele, tena za Ulaya, siyo zile za Mchina." Furaha imejaa hadi kwenye sauti aliyorekodi. Nikamwomba anisomee namba nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT. Hakuziona. Nikamwambia achungulie upande wa ndani, maana tarehe mara nyingi huandikwa upande mmoja tu. Akalala chini ya gari na tochi ya simu. "Inasema 3816, kaka. Hiyo ndiyo bei ya kiwandani?"

Miaka tisa. Na liko mbele, kwenye gurudumu la usukani.

Sasa najua maneno yatakayofuata, kwa hiyo niyajibu mapema. Kwamba nimekaa Ujerumani miaka sita basi naona Watanzania hawajui magari. Sijasema hivyo. Mimi nimekulia Iringa, nimepanda Hiace ya watu 22 kwenda shule, na najua kila mmoja wenu alivyo na hesabu kali kichwani kuliko Mjerumani yeyote: ada ya Januari, kodi ya miezi sita, mafuta, trafiki wa Kibaha. Mtu anayechagua tairi akiwa na mzigo huo si mjinga. Ninachosema ni kwamba anachaguliwa kitu cha kuangalia. Anaonyeshwa jina, haonyeshwi tarehe.

"Wewe una euro." Haya, tufanye hesabu ya shilingi. Mdogo wangu alilipa elfu 90 kwa kila tairi la mtumba. Jipya la Kichina, saizi ileile ya 185/65 R15, duka la tatu kutoka hapo, lilikuwa elfu 115. Tofauti ni elfu 25. Hajashindwa elfu 25. Aliona aibu ya jina. Na hilo ndilo linalonichoma, kwamba tumeaminishwa kuwa kuukuu la Mzungu ni bora kuliko jipya la Mchina, wakati Mzungu mwenyewe kalivua kwa sababu hataki kufa nalo.

Utaniambia la Kichina linapasuka. Yapo mabovu, sitabisha. Ila mpira unazeeka hata ukiwa umekaa stoo, unakauka na kuwa mgumu, na mgumu haushiki lami mvua ikinyesha. Na mengi tunayoyaita mabovu tumeyaua sisi kwa upepo. Tairi likiwa na upepo pungufu, ubavu unajikunja kila mzunguko, unachemka, matabaka ya ndani yanaachana, na hapo ndipo linapasuka, lenye jina au lisilo na jina. Ongeza mzigo wa mahindi na abiria watatu waliobanana nyuma. Kisha taarifa inasomwa redioni kwa maneno yaleyale tunayoyajua kwa moyo: dereva alishindwa kulimudu gari baada ya tairi la mbele kupasuka. Hakuna anayeuliza lilitengenezwa lini.

Halafu kuna haya ya magari yanayoshuka bandarini kutoka Japani. Mengine yanakuja na matairi ya theluji, baadhi ubavuni yamechorwa mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Watu wanafurahi: gari limekuja na tairi za Kijapani, laini, hazina kelele. Ni laini kwa sababu yametengenezwa kwa ajili ya baridi ya chini ya nyuzi 7. Yapeleke Dar ya Februari uone yanavyolika kama sabuni.

Nisiposema na upande wa pili nitakuwa mwongo. Huku ukipata pancha ya msumari, gereji nyingi hazitaki kuziba, wanakuuzia tairi jipya. Mwaka juzi msumari mmoja ulinigharimu siku mbili bila gari. Nikamkumbuka fundi pancha wa pale kituoni Ubungo, beseni lake la maji, mdomo anaoupitisha karibu na tairi asikie upepo unatokea wapi, dakika kumi umeondoka. Ujuzi ule huku haupo, na ningempa yule mzee gereji yoyote ya Dortmund aiendeshe. Na tulikuwa na kiwanda chetu, General Tyre ya Arusha. Baba yangu hakuwahi kufunga tairi jingine, na aliliamini kwa sababu alijua limetoka pale, lini, na nani anayeweza kumfuata likimletea shida. Hatukuzaliwa na mazoea ya kununua kitu kisicho na umri.

Ndiyo maana nachukia nikiambiwa "bongo ndivyo ilivyo". Si ndivyo ilivyo. Muuza tairi wa Ilala anazijua namba zile nne vizuri kabisa, akinunua mzigo anazisoma yeye. Fundi anayefunga anaweza kuzisoma kwa sekunde mbili. Trafiki anakagua kashata, anakagua stika kwenye kioo, na jicho lake liko sentimita kumi kutoka kwenye tarehe. Hakuna mashine inayohitajika hapo, hakuna mfadhili. Ni kuinama tu. Yule kijana wa hapa hana kifaa chochote cha ajabu. Alitumia kidole gumba na akakubali kupoteza pesa ya kazi yangu.

Na kama una pesa ya kutosha, nunua jina kubwa, jipya, sikukatazi. Mvua ya masika barabara ya Morogoro utaiona tofauti. Kama huna, chukua la bei nafuu lenye umri chini ya miaka miwili, jaza upepo ulioandikwa kwenye mlango wa dereva, na lile kuukuu la mtumba liache pale lilipo hata likiwa na jina la dhahabu.

Mdogo wangu alininunia siku tatu. Alisema namvunjia heshima mbele ya mkewe. Sikubishana naye, nilimtumia elfu 50 ya nyongeza na ujumbe mmoja: Desemba unampeleka mama Iringa, utapanda naye mlima Kitonga na kushuka naye Kitonga. Hakujibu. Leo asubuhi imeingia picha, imepigwa kwa karibu mno, haina maneno, haina salamu, ni mpira mweusi na namba nne tu: 1125.